Nyasi za Februari na Amri ya Pumziko

Mvua ya vuli inapokwisha na Januari kuingia, nyasi zilizo mbele ya nyumba za Ngoingwa, Section 9, Membley na mitaa mingine ya Thika na Ruiru, nchini Kenya, hubadilika rangi. Kwanza hufifia, kisha hugeuka manjano, na ikifika katikati ya Februari sehemu kubwa ya uwanja imekuwa ya kahawia. Mashine ya kukatia nyasi nayo husukumwa hadi nyuma ya tangi la maji au kwenye kona ya stoo, petroli ingali ndani na mabaki ya nyasi yakiwa yamegandamana chini ya bodi yake, na hapo hukaa hadi mvua ya masika. Julai mambo hujirudia kwa sura nyingine: manyunyu na baridi ya asubuhi hudumaza nyasi bila kuzikausha, na mashine hukaa wiki nyingi kwenye unyevu bila kuguswa. Wenye nyumba wa Ulaya na Marekani ya kaskazini hulazimishwa na theluji kujiandaa. Kila mwaka kabla ya baridi kuu huandaa uwanja na mashine kwa miezi ambayo hakuna kitakachokatwa. Kwa kuwa sisi hatuna theluji, tumejiaminisha kwamba hatuna msimu wa kujiandalia. Tunao, tena mara mbili kwa mwaka, na ndani yake mna swali ambalo naliona ni la kidini kabla halijawa la bustani: kitu kilichowekwa mikononi mwangu kinapoacha kunifaa kwa muda, kinanidai nini? Jibu langu ni kwamba tunadaiwa mambo tofauti na vitu tofauti. Kilicho hai tunapaswa kukiachia pumziko lake. Kisicho hai hakina pumziko, kwa hiyo kinatudai kazi ya mikono yetu. Na yule anayeishi kwa kuvitunza vyote viwili hatuna ruhusa ya kumfanya alipie pumziko hilo kwa njaa.

Nianze na nyasi zenyewe, kwa sababu hoja yote inazitegemea. Nyasi za kikuyu, ambazo wataalamu wa mimea siku hizi huziita Cenchrus clandestinus na zamani waliziita Pennisetum clandestinum, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilichukuliwa zikapandwa Afrika Kusini na Australia, na leo serikali ya Marekani imeziweka katika orodha ya magugu hatari kwa vile zikishashika mahali ni shida kuziondoa. Siri ya ukaidi huo imo ardhini. Mashina yake mengine hutambaa juu ya udongo na mengine hupenya chini, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi na chipukizi. Ukame ukibana, mmea huacha kuyahudumia majani, huyaacha yakauke, na uhai wake hubaki katika mashina ya chini pamoja na akiba ya chakula iliyowekwa humo. Ukichokoa kwa ncha ya kisu sentimita chache tu katika uwanja ulio kahawia, utakuta kifundo cheupe, kigumu, chenye unyevunyevu, na ubavuni mwake chipukizi lililojikunja, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Chipukizi hilo halingojei kuokolewa na mtu. Lingojacho ni mvua.

Madhara makubwa hufanyika pale mwenye nyumba anapoisoma hali hiyo vibaya. Desemba, kwa kuwa wageni wa Krismasi wanakuja, nyasi hunyolewa hadi udongo unaonekana, na hivyo zinaingia kiangazi bila majani ya kukusanyia akiba wala kivuli cha kulinda vifundo dhidi ya jua. Zingeachwa na urefu wa sentimita sita au saba, bila kupunguzwa zaidi ya theluthi moja kwa mkato mmoja, zingekuwa na ngao. Kisha ukavu ukianza kuonekana, mwenye nyumba hushika mpira wa maji kila jioni na kunyunyizia kidogo kidogo. Maji hayo hulowesha ngozi ya udongo tu. Huamsha machipukizi, yakatumia akiba yake kutoa majani mapya, na jua la siku mbili huyachoma. Uwanja ukifanyiwa hivyo wiki sita, hufika masika ukiwa dhaifu kuliko ule wa jirani aliyeuacha bila kuugusa. Huyu aliyenyunyizia hakukosa upendo kwa bustani yake. Alichokosa ni imani kwamba kitu kinaweza kuwa salama wakati hakipendezi, na naona upungufu huo ni wa kiroho hata kama unajidhihirisha kwenye nyasi.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye zao lililoipa Ruiru na Thika uchumi wao kabla mashamba hayajakatwa viwanja vya nyumba. Mkahawa huumba vijicho vya maua, vikakua hadi urefu wa milimita chache, kisha vikasimama. Ili viendelee, mti huhitaji kwanza kupitia kipindi cha ukavu, na baada ya hapo upate mvua. Siku nane hadi 12 hivi baada ya mvua hiyo, shamba zima huchanua kwa pamoja na kuwa jeupe. Mkahawa usioonja kiu huchanua ovyo, ua hapa leo na ua kule wiki ijayo, na mavuno yake huja yametawanyika kiasi cha kumchosha mchumaji. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapohapo Ruiru, na aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985, ilichukua jina lake kwa mji huo. Wakulima wa eneo hili hawahitaji kufundishwa kwamba Februari kavu ni sehemu ya mavuno ya Novemba. Ukavu kwa mkahawa ni hatua ya kazi ya mti wenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba maarifa hayo yalibaki shambani, na shamba lilipogeuzwa mtaa wenye geti, watoto wa wakulima haohao wakaanza kuuona ukavu kama aibu ya kufichwa kwa mpira wa maji.

Hapa msomaji wa Maandiko anaweza kunizuia. Nabii Isaya, katika sura ya 40, anatumia nyasi zinazonyauka kama mfano wa udhaifu wa mwanadamu mbele ya neno la Mungu lisilopita, na Kurani, Sura ya 57 aya ya 20, inaufananisha uhai wa dunia na mimea inayopendeza baada ya mvua, kisha ikawa manjano, kisha ikawa makapi. Je, dini zote mbili hazifundishi kwamba nyasi kavu ni alama ya mwisho? Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, ila naona linasahau mambo mawili. Kwanza, majani ya vilima vya Palestina na pembezoni mwa jangwa la Arabuni kwa sehemu kubwa ni ya msimu mmoja: humea, huzaa mbegu, hufa kabisa, na kinachoota mwaka unaofuata ni kizazi kingine. Mfano ule ni wa kweli kwa mmea ule. Nyasi za uani mwetu ni za kudumu, na ukahawia wake una maana nyingine. Pili, Kurani hiyohiyo hurejea mara kwa mara, kwa mfano katika Sura ya 41 aya ya 39, kwenye ardhi iliyonyongea ambayo maji yakiishukia hutikisika na kuumuka, na inaifanya hali hiyo kuwa dalili ya uwezo wa kufufua. Kwa hiyo Maandiko hayatulazimishi kusoma kifo katika kila kilichokauka. Yanatutaka tujue tunachokitazama.

Amri ya pumziko inakwenda mbali zaidi ya mfano. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaagiza ardhi yenyewe iachwe ipumzike mwaka wa saba, isipandwe wala mizabibu isipogolewe. Sura inayofuata inaonya kwamba watu wakiinyima ardhi mapumziko yake, itayachukua kwa nguvu wao wakiwa uhamishoni. Sisomi hapo kwamba Mungu ana chuki na kilimo. Nasoma kwamba ardhi ina mwendo wake uliotangulia mipango ya mwenye hati, na kwamba umiliki wa mwanadamu una mpaka unaopimwa kwa wakati kama unavyopimwa kwa bikoni za shamba. Mkristo anaweza kunijibu kwamba sheria ya mwaka wa saba ilikuwa ya Israeli na haimfungi mtu wa Thika. Sina ugomvi na jibu hilo, kwa sababu simwambii mtu ahesabu miaka saba. Ninachosema ni kwamba katika nchi yenye vipindi viwili vya mvua, pumziko la ardhi limeshaandikwa ndani ya mwaka, na swali lililobaki ni kama tutaliheshimu au tutapigana nalo kwa maji ambayo si yetu peke yetu.

Na maji si yetu peke yetu. Mto Chania unashuka kutoka milima ya Aberdare, sehemu ya maji yake yanachotwa njiani na kusafishwa katika kituo cha Ng'ethu kwa ajili ya Nairobi, na yanayobaki yanateremka hadi maporomoko yaliyo kando ya Hoteli ya Blue Posts, ambapo mto huo unakutana na Mto Thika. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 juu ya Mto Thika, lina uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 70, na bado Januari 2017 Nairobi ililazimika kuanza mgao wa maji kwa sababu bwawa lilikuwa limepungua. Sasa tupige hesabu ya uani. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ukimwagiliwa ipasavyo, yaani kina cha milimita 25 kwa wiki, hunywa lita 2,500. Hiyo ni mitungi 125 ya lita 20. Mtu mmoja akitumia lita 50 kwa siku, kiwango cha chini kinachotajwa na Umoja wa Mataifa kwa kunywa, kupika na usafi, maji hayo yangetosha watu saba wiki nzima. Yupo atakayesema kwamba yeye hatumii maji ya bomba, amechimba kisima chake na kulipia umeme wa pampu. Sheria ya Maji ya 2016 imemtangulia: rasilimali zote za maji zimewekwa chini ya serikali ya kitaifa, izishike kwa niaba ya wananchi kama amana. Kisima kinampa njia ya kuyafikia maji. Hakimpi maji yenyewe kama anavyopewa gari dukani. Mtu wa dini, ambaye tayari anaamini kwamba kila alicho nacho ni amana, hapaswi kusubiri bunge limkumbushe.

Waislamu hawana siku ya kuacha kazi kwa mfano wa Sabato. Ijumaa yenyewe, kama Sura ya 62 inavyoeleza, watu wakimaliza kuswali hutawanyika kutafuta riziki. Mtu anaweza kudhani basi kwamba hoja ya pumziko haiwahusu. Lakini wao wanafika palepale kwa njia nyingine, njia ya kukataza israfu, yaani ubadhirifu. Katika Sunan ya Ibn Majah imo hadithi inayosimulia kwamba Mtume alimpitia sahaba wake Saad akitawadha na kumuuliza kuhusu ubadhirifu wa maji, na kumweleza kwamba ubadhirifu upo hata kando ya mto unaotiririka. Wanazuoni wamejadiliana kuhusu nguvu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ila kanuni inayobebwa nayo iko wazi katika Kurani, Sura ya 7 aya ya 31. Nikiifuata kanuni hiyo hadi Thika naona jambo zito. Udhu ni ibada, na hata katika ibada, tena mtoni, maji yana kipimo. Kumwagia nyasi zilizolala zirudi kuwa kijani Februari si ibada, na mto uko kwenye kiwango chake cha chini kabisa cha mwaka.

Mashine ni habari tofauti, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo kwa kutumia neno moja, kupumzika, kwa nyasi na kwa chuma. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inaorodhesha wanaostahili kupumzika: mwana, binti, mtumwa wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, mifugo mingine, mgeni aliye malangoni. Jembe halimo. Plau haimo. Sidhani kwamba zimesahauliwa. Pumziko ni tendo, hata linapofanywa na kifundo cha nyasi gizani, na kitu kisicho hai hakitendi. Kikiachwa kinaoza tu, kwa kasi inayotegemea unyevu. Petroli iliyosahauliwa tangini kwa miezi huvukiza sehemu zake nyepesi na kubakiza utandu unaonata, na utandu huo huziba kitundu cha kabureta chembamba kuliko sindano. Mabaki mabichi ya nyasi chini ya bodi hushika maji na kula bati hadi litoboke. Oili iliyochakaa hukaa na uchafu wake juu ya vyuma vilivyosuguliwa laini. Machi, kamba inavutwa mara 20 na injini haiwaki, ndipo fundi wa jua kali anaitwa na lawama zinaangushiwa mashine.

Kinachohitajika kinajulikana na kila fundi na hakimalizi asubuhi moja. Petroli itolewe, kisha injini iwashwe hadi izime yenyewe ili kabureta ikauke. Oili ibadilishwe ikiwa bado ina joto. Plagi ifunguliwe, matone machache ya oili yadondoshwe kwenye tundu lake, kamba ivutwe taratibu ili silinda ipakwe, na plagi irudishwe. Chini ya bodi pakwanguliwe na kukaushwa. Kisu kinolewe, jambo linalozihusu nyasi moja kwa moja, kwa sababu kisu butu hakikati jani bali hulichana, na ncha zilizochanika hupoteza maji wakati ambapo mmea unajitahidi kuyabana. Chujio la hewa lisafishwe. Mashine ikae mahali pakavu, juu ya ubao, si juu ya udongo au saruji yenye unyevu wa Julai.

Hapo nitaulizwa kama si kuvuka mipaka kuingiza dini katika kabureta. Chuma hakina roho, hakiumii, na mwenye mali ana haki ya kukiacha kioze na kununua kingine. Nakubali mwanzo wa hoja hiyo na kukataa mwisho wake. Mashine haiumii, kweli, na simtaki mtu aionee huruma. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, na sababu inayotolewa ni kwamba kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe lile halina uhai wake. Limebeba uhai wa nyumba inayosagia unga. Heshima ya chombo ni ya kuazima, na inaazimwa kwa watu: kwa aliyechimba madini, aliyeunda injini kiwandani, na hasa kwa yule ambaye mikono yake inakishika kila wiki. Anayekiacha kioze kwa sababu ana pesa za kununua kingine analichukulia jasho hilo lote kama kitu kilichojileta chenyewe.

Hilo linatufikisha kwa mtu ambaye mazungumzo ya bustani humtaja mwisho, au hayamtaji kabisa. Nyasi za Membley au Section 9 kwa kawaida hazikatwi na mwenye nyumba. Zinakatwa na mtunza bustani anayetoka Kiandutu, Makongeni au Kimbo, anayelipwa kwa siku au kwa kila uwanja. Nyasi zikilala, kazi inalala. Anaambiwa tutakuita mvua ikinyesha, na kuanzia Januari hadi Machi hana wa kumuita. Ikiwa nimefanikiwa kumshawishi mwenye nyumba aziache nyasi zipumzike, basi huenda nimemwongezea mtu huyu siku za njaa, na hoja inayofanya hivyo kwa jina la Mungu ina kasoro kubwa. Mambo ya Walawi yaliliona hilo. Sura ileile ya 25, mara tu baada ya kuamuru ardhi ipumzike, inataja nani watakaolishwa na kile kinachoota chenyewe mwaka huo: mwenye shamba, mtumwa wake, mjakazi, kibarua, mgeni, mifugo. Kibarua ametajwa kwa cheo chake. Pumziko la ardhi halikuruhusiwa kuwa mwanya wa kumtoa mezani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kifungu cha 37 kinaelekeza kwamba kibarua ambaye siku zake za kazi zenye kufuatana zimefika jumla ya mwezi mmoja ahesabiwe kuwa na mkataba wa mwezi. Mtu anayekuja mara moja kwa wiki hupita kirahisi katikati ya matundu ya kifungu hicho, na ndiyo sababu dhamiri inapaswa kufika mahali ambapo sheria haijafika. Wapo watakaosema kwamba kulipa mtu wakati hakuna kazi ni sadaka, na sadaka hailazimishwi. Lakini kazi ipo, nimeshaitaja: mashine nzima inasubiri mikono. Mipaka ya uwanja inahitaji kurekebishwa, mitaro kusafishwa kabla ya masika, mchwa kufuatiliwa maana hupenda nyasi kavu, mbolea ya majani kugeuzwa, sehemu zilizo tupu kupandwa nyasi za Pemba mvua ikikaribia. Kiangazi hupunguza kazi ya kukata tu. Mwenye nyumba aliyeokoa lita 2,500 kila wiki na bei ya kabureta mpya hawezi kusema hana alichookoa.

Pingamizi la mwisho nalihurumia zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wa kipato cha kati waliojenga kwa mkopo na ambao bili ya shule huangukia Januari hiyohiyo. Hawawezi kumlipa mtu miezi mitatu. Peke yao, pengine kweli hawawezi. Lakini mitaa hii ina vyama vya wakazi, vinavyochangisha walinzi wa getini na taa za barabara bila mtu kulalamika kwamba usalama ni sadaka. Nyumba 10 zenye viwanja vidogo zinaweza kuwa na mtunza bustani mmoja au wawili wa mwaka mzima, mashine mbili badala ya 10, na malipo ya kila mwezi yasiyopanda wala kushuka kwa mvua. Masharti yake yanatosha ukurasa mmoja: urefu wa nyasi kuanzia Desemba, nani anatoa petroli na lini, siku yake ya mapumziko, kazi za Februari na za Julai. Wakati wa kuyaandika ni mwanzoni mwa Desemba, nyasi zingali kijani na kazi ingali tele, mtunza bustani akiwa bado na nafasi ya kusema bei yake na kusikilizwa.